Mapigo Matatu ya Jembe

Dosiye, jalada la madai ya fidia, ilifika mezani kwangu ikiwa na picha ya nyumba ambayo nilikuwa nimeshaiona mahali pengine. Nyumba ya matofali ya kuchoma, mlango wa bluu, pazia lenye maua makubwa mekundu likichungulia dirishani. Nilikaa nayo kidogo, kisha nikamwita mwenzangu wa ofisini, mwanamke aliyekulia Bukavu akarudi Rwanda na diploma ya upimaji na Biblia ya mama yake. Hakuhitaji kufikiri. Alifungua kabati, akatoa dosiye ya miezi kadhaa nyuma, ya kiwanja kilicho karibu na uwanja wa ndege hapa Kamembe, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Pazia lilikuwa lile lile. Hata kuku aliyesimama mlangoni alikuwa yule yule.

"Hii kuku inatembea sana," alisema. "Kamembe mpaka Bweyeye, na haichoke."

Mimi ni mthamini wa serikali. Serikali ikitaka kupitisha barabara kwenye ardhi ya watu, mthamini binafsi hutangulia, akapima shamba, akahesabu miti, akaandika nyumba ni ya nini na ina vyumba vingapi. Mimi nakwenda nyuma yake kukagua kama alichokiandika kipo. Ni kazi ya kugonga kuta. Nilijifunza kugonga kuta kwa baba, aliyekuwa seremala katika mtaa wetu wa Waislamu hapa Kamembe na aliyepigilia milango mingi ya mji huu. Alijua kwa kifundo cha kidole tu kama nyuma ya lipu kuna tofali la kuchoma au udongo. Siku moja nilikata ubao wa mlango ukapungua kwa upana wa kidole. Alinipiga mgongoni kwa ubao huo huo mpaka ukavunjika, kisha akaniambia nikate mwingine. Sisemi haya ili kumlaumu. Nasema ili ieleweke kwamba nilikua nikiamini kuwa anayedanganya kipimo anastahili kupigwa.

Dosiye ilisema mwenye shamba ni mwanamume mmoja wa Bweyeye. Barabara mpya ya kwenda kituo cha afya ingepita katikati ya miti yake ya kahawa na juu ya nyumba yake nzuri ya matofali. Tuliondoka Kamembe alfajiri, mimi, mwenzangu na dereva. Ndani ya msitu wa Nyungwe mvua ilitukuta, na mbele kidogo baada ya kutoka msituni, kwenye njia ya udongo, gari likazama mpaka kwenye ekseli. Tulimwacha dereva akitafuta watu wa kulisukuma. Tukaendelea kwa miguu, mwenzangu na futi ya kupimia begani, mimi na ubao wangu wa kuandikia kwapani, mlima juu na mlima chini, kwa muda wa karibu saa mbili.

Aliyetupokea shambani hakuwa mwanamume. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jicho moja limevimba likafunga kabisa, kitambaa kimefungwa kichwani na damu kavu imeganda pembeni. Alitusalimu kwa Kinyarwanda. Mwenzangu alipoguna kwa Kiswahili, "Yesu wangu, huyu muntu alipigwa na nini?" uso wa yule mwanamke ukabadilika.

"Munasema Kiswahili?" akauliza. "Mi nilizaliwa Kamanyola, ku Congo. Niliolewa huku. Miaka mingi sijasikia muntu anasema Kiswahili kwangu, isipokuwa ule mwenye ananipiga."

Alituketisha kwenye benchi, akatueleza akiwa amesimama. Mumewe alikufa miaka minne nyuma, aliangukiwa na mti. Hati ya ardhi ilikuwa na majina mawili, la mumewe na lake. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sufuria, ndani ya gunia la maharage. Kisha shemeji yake, kaka wa marehemu, akarudi kutoka Congo alikokuwa akichimba dhahabu, baada ya kusikia habari za barabara. Yeye ndiye aliyempokea mthamini wa kwanza, na yeye ndiye aliyeandikwa. Ilibaki alama ya dole gumba la mjane kwenye karatasi ya kukubali.

"Nilikatala," alisema. "Juzi akakuja na kipande ya kuni. Alinipiga hapa, na hapa, na hapa. Alishika mukono yangu kwa nguvu ili atie kidole mu wino. Nikamuuma. Batoto bangu balikuwa banaangalia." Alikuwa na watoto watatu. Aliwapeleka kwa bibi yao, mama wa yule yule shemeji, ng'ambo ya bonde.

"Ulikwenda kwa mkuu wa kijiji?" nikauliza.

"Nilienda. Alisema tungoje watu ba leta, ba serikali. Ni ninyi."

Nikagonga ukuta. Udongo. Nikaenda ukuta wa pili, wa tatu, udongo, udongo. Vyumba vitatu, sakafu ya vumbi iliyopakwa samadi, mlango wa mbao za masanduku. Kitu kimoja tu kilikuwa kizuri: mabati, mapya, mazito, yaliyopigiliwa na mtu aliyejua kazi. Nikauliza yametoka wapi. Mjane akasema kweli, kama nilivyokuja kujua kwamba ilikuwa tabia yake.

"Mabati ni yake. Shemeki. Alituma franga toka ku Congo, bwana yangu akiwa angali muzima. Ile siwezi kukatala."

Katika fomu yangu kulikuwa na mahali pa kuandika aina ya paa. Hapakuwa na mahali pa kuandika nani alilituma. Niliandika: mabati, hali nzuri. Nikaenda shambani kuhesabu.

Tulihesabu kahawa mstari kwa mstari. Mwenzangu alivuta futi kutoka kona ya nyumba, juu. Mimi nilishuka kati ya miti nikiandika. Mjane alikuwa nyuma yangu na jembe lake, akisafisha njia ili niuone mpaka wa shamba. Majirani wachache walikwishakusanyika kwenye njia ya juu, kama watu wanavyokusanyika popote wakiona mtu mwenye ubao wa kuandikia.

Nilisikia panga kabla ya kuliona. Lilikuwa likikata chini yetu, upande wa mto, tap, tap, kisha mti ukivunjika, kisha tap tena. Nikashuka. Yule shemeji alikuwa mfupi, mpana, mabega ya mtu aliyekula miaka mashimoni. Alikuwa anakata miti ya kahawa, mmoja baada ya mwingine, ile ambayo nilikuwa bado sijaifikia. Alikata kila mmoja kwa mapigo mawili, bila haraka. Aliponiona hakuacha.

"Njoo uhesabu na hizi, Papa," alisema. "Andika: miti yenye imekatwa. Kama hazitakuwa zangu, hazitakuwa za muntu."

Hapo ningeweza kupanda kilima, nikamchukua mwenzangu na mjane, nikaondoka. Sheria ya kazi yetu iko wazi: palipo na silaha, funga dosiye, ondoka, rudi na polisi. Mimi mwenyewe nimewafundisha wengine sheria hiyo. Lakini nilikuwa na picha ya kuku kichwani, nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeona jicho la yule mwanamke, na ndani yangu kulikuwa na kitu cha baba na ubao wake. Nilisimama nikasema kwa sauti ya kufika njiani, ili majirani wasikie:

"Wewe ni mwizi. Umemwibia mke wa ndugu yako, umemwibia na serikali, na wizi wako nimeuandika hapa. Kata unavyotaka."

Njiani mtu mmoja akacheka. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichofanya mengine yote.

Akaacha kukata. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ananijua wapi. "Mi siko mwizi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. "Mabati ni ya nani? Muulize. Mabati ni ya nani? Nilikula udongo mu shimo miaka saba." Kisha akaja.

Pigo la kwanza lilinipata begani kwa ubapa wa panga. Sijui kama alikusudia ubapa. Nilipepesuka lakini sikuanguka. Pigo la pili niliona likija toka juu, nikainua mkono wa kushoto na ubao wa kuandikia. Panga likapita kwenye ubao kama kwenye kabichi. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kwamba mkono umekuwa mwepesi. Nikatazama chini nikaona karatasi zangu zimetapakaa kwenye matope, na juu ya karatasi moja vidole vyangu viwili, cha mwisho na cha pete, vimelala vizuri kama vitu vilivyowekwa hapo na mtu. Nikaanguka. Nililala chali kati ya visiki vya kahawa, na yeye alikuwa amesimama juu yangu, panga limeinuka tena. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa analia. Hilo nalikumbuka waziwazi, kwamba machozi yalikuwa yakimshuka.

Jembe la mjane lilimpiga kwenye bega, kwa upande wa shavu la jembe. Panga likaruka likaangukia majani. Aligeuka, akamshika mjane kooni kwa mkono mmoja, akamsukuma. Mjane akarudi nyuma hatua mbili, akainua jembe akapiga mara ya pili, na hiyo ikampata kichwani juu ya sikio. Mlio wake sitaueleza. Akapiga magoti, kisha akalala ubavu, uso umeelekea kwangu, karibu nami kama watu wawili wanaolala kitanda kimoja.

Macho yake yalikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa unachimba chimba udongo. Akasema, "Shemeki."

Mwanamke alikuwa amesimama na jembe. Alimsikia, nilimwona amemsikia. Alimtazama muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akainua jembe akapiga mara ya tatu.

Baada ya hapo makelele yote yakaja kwa pamoja. Mwenzangu alifika akiteleza kwenye matope, bado ameshika mwisho wa futi, futi yote imejivuta nyuma yake kama utumbo. Alivua kitambaa chake cha kichwani akanifunga mkono, akakaza mpaka nikapiga yowe. Majirani walishuka. Walikuwemo binamu wawili wa yule mwanamume. Hawakumwendea ndugu yao kwanza. Walimwendea mjane. Mmoja alimnyang'anya jembe, mwingine akamchota miguu, wakaanza kumpiga kwa fimbo na kwa mateke, tumboni, mgongoni, kwenye lile jicho. Yeye hakujikinga. Mwenzangu, mwanamke mwembamba ambaye ofisini huomba ruhusa hata ya kufungua dirisha, alijitupa juu yake kifudifudi akapokea fimbo tatu nne za mgongo huku akipiga kelele, "Muniuwe na mimi! Niko muntu wa leta! Muniuwe!" Wakaacha. Nadhani neno leta ndilo lililowazuia, au labda ni mkuu wa kijiji aliyekuwa anakuja mbio akishikilia suruali.

Kijiji kile kilikuwa na machela moja ya kusukwa, ingobyi, ile inayobebwa na wanaume wanne mabegani. Waliohitaji kubebwa tulikuwa wawili. Yule mwanamume alikuwa bado anapumua, pumzi za kukoroma, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Mkuu wa kijiji alinitazama, akamtazama yeye.

"Mimi nitatembea," nikasema.

Basi nikatembea nyuma ya machela. Mwenzangu alinishika kiuno. Mlima juu na mlima chini, njia ile ile ya asubuhi. Damu yake ilikuwa inadondoka kupitia kwenye nyuzi za machela, na kila nilipokanyaga nilikanyaga juu yake, na yangu ilikuwa inaanguka juu ya ile. Wabebaji walikuwa wanapokezana. Mbele yetu kwa mbali, wanamgambo walimwongoza mjane, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Tulipofika penye gari, dereva alikuwa amekwishalitoa kwenye matope na alikuwa ameosha vioo. Wabebaji wakatua machela chini. Mmoja akainama, akasikiliza, akavua kofia.

*

Katika hospitali ya wilaya walinishona, wakakata kilichobaki kuwa cha kukatwa. Siku ya tatu mpelelezi alikuja na daftari. Alikuwa mtu mpole. Aliniuliza nieleze, nikaeleza: miti, panga, ubao, pigo la kwanza la jembe, la pili.

"Alimpiga mara ngapi?"

Mke wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda akimenya chungwa. Hakuinua macho, lakini kisu kikasimama.

"Nilikuwa nimeanguka," nikasema. "Baada ya lile la pili sikuona tena."

Akaandika. Kisu kikaendelea kumenya.

Mimi niliyekuwa nikirudisha dosiye za watu kwa ajili ya mti mmoja uliozidi. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu asingekuwepo, ningekuwa nimezikwa. Nilijiambia pia kwamba mwenzangu alikuwa juu kwenye kona ya nyumba na hakuona vizuri, na majirani waliona migongo tu. Macho yaliyoona pigo la tatu yalikuwa jozi mbili duniani, yangu na yake, na jozi ya tatu ilikuwa imezikwa.

Niliporudi nyumbani nilikuwa mtu mwingine, na nyumba ililijua hilo kabla yangu. Jumamosi moja mke wangu alinituma nyama. Katika soko la Kamembe kuna muuza nyama aliyekuwa rafiki wa baba, mtu wa msikitini, mikono mikubwa, maneno machache. Alikuwa anakata mbavu kwenye gogo. Tap. Tap. Nakumbuka nilitoa noti. Kinachofuata sikikumbuki, nilisimuliwa: kwamba niliipiga meza yake teke ikapinduka, nikamrukia, nikampiga ngumi ya mdomo kwa ule mkono mzima mpaka jino likamtoka, na nyama ikatapakaa kwenye maji machafu, na watu wakanishika wakiniita mlevi. Ninachokumbuka ni yeye kunikumbatia kwa nguvu kifuani kwake, aproni yake ikinuka mafuta na damu, damu ya mdomo wake ikinidondokea shingoni, akiniambia sikioni:

"Ni nyama ya ng'ombe, mwanangu. Angalia. Ni ng'ombe tu."

Alikataa nimlipe nyama. Jino hakulitaja kamwe.

Kesi ilianza msimu wa kiangazi. Wakili aliyepewa mjane aliniita ofisini kwake siku moja kabla. Alikuwa na wasiwasi. "Mteja wangu ananiharibia kesi," alisema. "Kila anayemuuliza anamwambia mara tatu. Mara tatu, na ya tatu alikuwa amelala chini. Wewe ulisema hukuona. Kesho sema hivyo hivyo. Nitaeleza mahakama kwamba alichanganyikiwa kwa kupigwa, hajui alichohesabu. Ukisema tu hukuona, anaweza kurudi kwa watoto wake."

Nikamwambia sawa. Nilimaanisha sawa. Sitaki kujipamba hapa.

Mahakamani mjane alikuwa amevaa nguo ya mahabusu, jicho limepona lakini limebaki dogo kuliko la pili. Hakimu alimuuliza, naye akajibu kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. La kwanza ili aache panga. La pili kwa sababu alimkaba. La tatu.

"La tatu kwa nini?" hakimu akauliza.

"Alikuwa ameniita Shemeki," akasema. "Kila siku aliyokuja kunipiga alianza kwa kuniita hivyo, kwa upole, mlangoni. Niliposikia, nikapiga."

Wakili alifunika uso kwa karatasi. Kisha nikaitwa mimi.

Nilisimama. Hakimu akaniuliza nilichokiona, nikaanza kwenye panga kama nilivyoanza hospitalini, nikafika kwenye pigo la pili. Mjane alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba kitu, kusema au kutosema. Alikuwa ananisikiliza tu, jinsi alivyosikiliza nilipokuwa nagonga kuta za nyumba yake, akingoja nitaje kilichomo.

"Alipiga mara tatu," nikasema. "La tatu alikuwa amelala. Nililiona."

"Kwa mpelelezi ulisema hukuliona."

"Nilidanganya. Aliniokoa maisha."

"Na leo kwa nini unasema?"

Nilitafuta jibu la heshima, sikulipata. Ukweli ni kwamba kama yeye angesema mbili, mimi pia ningesema mbili, tena kwa kiapo. Nilimwambia hakimu hivyo. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: kwamba kabla ya panga kuinuka nilimwita marehemu mwizi mbele ya majirani zake wakati sheria ya kazi yangu ilinitaka niondoke, na kwamba mtu alicheka. Niliomba liandikwe. Karani akaliandika.

Mahakama ilimpa kifungo, kifupi kuliko alichoomba mwendesha mashtaka, kirefu kuliko alichoota wakili. Mimi nilipata barua ya onyo kazini na maswali ya mpelelezi yule mpole, ambaye safari hii hakuwa mpole. Mthamini wa kwanza, mwenye kuku, alinyang'anywa leseni. Watu huniuliza kama nilifanya vyema. Kuna wiki najibu ndiyo. Mke wangu anasema hapana, na hajawahi kubadilisha jibu.

*

Ripoti ilibidi imalizwe. Barabara haingoji msiba. Niliikamilisha mwenyewe. Niliandika nyumba ya udongo, jina la mjane, na kahawa yote, pamoja na iliyokatwa, kwa sababu visiki vilikuwepo na kisiki ni ushahidi wa mti. Kutoka gerezani mjane alichagua wa kumlelea watoto na kumpokelea fidia yao: mama mkwe wake. Mama wa mumewe, na mama wa yule aliyeuawa kwa jembe lake. Nilidhani karani amekosea jina. Hakukosea.

Nikarudi Bweyeye na karatasi, safari hii na askari mmoja na mkuu wa kijiji. Mwenzangu hakuja, alikuwa ameomba kazi ya ramani, ndani, mbele ya kompyuta, na bado yuko huko. Kikongwe alikuwa nje akipepeta maharage, wajukuu watatu wakiokota yanayoruka. Aliwatuma mtoni. Alipohakikisha wamekwenda, alichukua fimbo yake ya kutembelea, akanisogelea.

"Ni wewe uliyemwita mwizi?"

"Ni mimi, mama."

Akanipiga begani. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini fimbo ilikuwa ya mti mgumu na alijua pa kupiga. Askari akapiga hatua, nikamzuia. Akapiga tena, bega lile lile, kisha mgongoni, kisha mgongoni tena, akihema.

"Alikuwa mwizi," alisema. "Nilimzaa, najua. Alipokuwa mdogo aliiba hata sadaka. Alimpiga mke wa ndugu yake, nikasikia kelele zinavuka bonde, nikafunga mlango. Lakini mtu mwenye panga mkononi humwiti jina baya. Humwiti! Shule zote ulizosoma, hukufundishwa hilo?"

Akapiga mara nyingine, hafifu, kisha akaketi chini ghafla palipokuwa na ungo, fimbo mapajani. Tukangoja. Mkuu wa kijiji alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye kikongwe alinyoosha mkono bila kuinua kichwa, nikachutama mbele yake nikafungua kopo la wino. Alitia dole gumba kwenye kila ukurasa niliomwonyesha, akikandamiza sana, ukurasa wa mwisho mpaka karatasi ikabonyea.

"Watabomoa lini?" akauliza.

"Baada ya wiki mbili."

Akageuza macho kuelekea shamba la chini, lile la mjane, palipokuwa na maharage aliyoyapanda kati ya visiki, bado hayajakomaa.

"Yale yanataka wiki tatu," alisema.

Nikafuta mbili, nikaandika tatu, nikatia sahihi pembeni.